Siku Dobi Alipokataa Kubaki

Watu waliomjua dobi yule walimwita mwanamke mpole, na yeye hakuwabishia. Kumbishia mtu ni kazi, naye kazi alikuwa nazo za kutosha. Alifanya kazi kwenye chumba cha chini cha hoteli kubwa, kule ambako wageni hawafiki, katikati ya mvuke na harufu ya sabuni, akilisha mashuka mabichi kwenye rola mbili ndefu za moto. Yeye analisha upande huu, mwenzake anapokea upande ule, kisha wanakunja pamoja na kupanga kwenye toroli. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua kuanzia kwenye vifundo hadi karibu na kiwiko, nyingine zimeshafifia, nyingine bado mbichi. Ukimuuliza atakujibu, "Ah, ni rola tu," kama vile rola ni paka wa nyumbani aliyemkwaruza.

Kwao alikuwa mtoto wa kwanza. Mama yao alipofariki, kitinda mimba alikuwa bado anatambaa. Dobi akazikunja sare zake za shule, akaziweka chini ya sanduku, akashika mwiko. Aliwalea wadogo zake watatu. Wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakahama. Yeye akabaki na baba. Kisha baba akaugua, ugonjwa ule wa kummaliza mtu polepole, na yeye akazidi kubaki. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimlisha kwa kijiko. Asubuhi anamkabidhi kwa jirani na kukimbia kazini, jioni anarudi mbio hata viatu havijakaa sawa. Wadogo zake walikuwa wanapiga simu. "Dada, mzee anaendeleaje? Msalimie sana." Wakishasema hivyo wanakata simu, roho zao kwatu.

Baba akafa, wakamzika. Siku chache baadaye wadogo zake walikuja nyumbani wote kwa pamoja, wakakaa sebuleni kwenye yale makochi ambayo yeye ndiye aliyekuwa anayafua vitambaa. Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, akakohoa kidogo.

"Dada, tumekaa tukazungumza."

"Mmekaa kina nani?"

"Sisi hapa. Tumeona nyumba hii ni kubwa kwako, utakuwa mpweke. Kwangu kuna chumba. Mapacha wanahitaji mtu wa kuwaangalia, na shemeji... yaani wifi yako anataka kurudi kazini. Wewe si huna mtu."

Walimtazama kwa huruma, kama watu waliomletea zawadi. Dobi aliwatazama pia, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamekaa, wamezungumza, wameamua atawekwa wapi, kama kabati. Maneno mengi yalimjaa mdomoni, lakini yaliyotoka yalikuwa machache tu.

"Mimi naenda likizo."

Mdogo wake wa kike alicheka, akafikiri ni mzaha. "Likizo ya kwenda wapi, dada, na umri huo?"

Wiki ile ile alienda sokoni, akachagua begi la mgongoni, kubwa, la rangi ya kijani iliyochujuka, akaweka nguo zake na viatu vigumu, akapanda basi. Hakuwaaga.

Siku za mwanzo hakujua aifanyie nini mikono yake. Alilala kwenye nyumba za wageni za vitanda vya ghorofa, akatembea mitaa asiyoijua, akakaa kwenye mabenchi akitazama watu wakienda kazini. Alistarehe, lakini kila alipostarehe hasira ilimjia kutoka nyuma, maana alijiuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Alikuwa anakula embe kwa kisu kidogo na mara akakuta meno ameyauma kwa nguvu mpaka taya zinauma.

Ndivyo alivyofika kwenye mji mdogo ulio chini ya mlima. Nyumba ya wageni ilikuwa na jiko la pamoja, na jioni ile dobi alikuwa anakaanga mayai yake mawili na kitunguu. Vijana watatu wakaingia, mabegi yao yamejaa vumbi. Kijana wa mbele alikuwa mwenye mabega mapana na sauti ya kuzoea kuita watu kutoka mbali. Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Aliyemfuata alikuwa rafiki yake tangu utoto, kinyozi, mcheshi, ambaye kichwa chake mwenyewe kilikuwa hakijachanwa. Wa tatu alikuwa msichana mkimya, karani wa benki. Alikuwa amekutana nao kwenye basi siku mbili kabla, na tangu hapo alikuwa anawafuata tu.

"Dada, hiyo harufu inatutesa," kinyozi alisema akishika tumbo. "Na sisi je?"

Dobi akacheka, akavunja mayai mengine. Wakala kwenye meza moja, wakaongea mpaka chai ikapoa. Walikuwa wanapanda mlima kesho yake: siku mbili tu, kulala kwenye kibanda cha wapanda mlima katikati ya njia, asubuhi kupanda kileleni, kisha kushuka. Njia imewekwa alama za rangi nyeupe kwenye mawe, watu hupanda wenyewe.

"Njoo twende wote, dada," mwalimu alisema. "Wewe unaonekana mtu wa nguvu."

Alifurahi, tusimfiche. Hakuna mtu aliyewahi kumwalika mahali bila kumtaka abebe kitu. Alilala akiwa na furaha ya mtoto anayengoja safari ya shule.

Asubuhi waligawana mizigo. Mwalimu alibeba kamba na ramani, kinyozi alibeba blanketi, karani akachukua matunda na mikate. Sufuria, mchele, maharage ya kopo, chumvi, sabuni, vikombe na visu vikaishia kwenye begi la kijani. Dobi aliona, lakini siku ilikuwa nzuri na hakutaka kuianza kwa mdomo.

Walipanda kwenye msitu wenye ubaridi, mizizi imetokeza njiani kama mishipa ya mikono ya mzee. Mwalimu alikuwa mbele kila wakati. Akifika kwenye kona anageuka na kupiga makofi: "Haya, haya, miguu, miguu!" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu kwamba yeye akipiga filimbi, watu wanaruka majini.

Walipopumzika mara ya kwanza, kinyozi alikuwa amepata lengelenge kisiginoni. "Dada, una plasta?" Alikuwa nayo. Walipopumzika mara ya pili, kamba ya begi la karani ilikatika. "Dada, huna sindano?" Alikuwa nayo pia. Mara ya tatu mwalimu alimpa chupa yake tupu bila hata kumtazama, akamwelekeza kijito kwa kidevu, na dobi akaenda. Alipokuwa amechutama akikinga maji, alimsikia kinyozi huko juu akisema, "Tumebahatika, jamani. Tumesafiri na Mama Mlezi wetu!" Wakacheka. Tangu hapo jina likawa hilo. Mama Mlezi, kisu kiko wapi. Mama Mlezi, hebu niguse uone kama nina homa.

Yeye hakuwa amezaa. Hakuna aliyemuuliza.

Walifika kibandani jua likiwa bado liko juu kidogo. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao na bati, vitanda vya mabanzi ukutani, meza, jiko la kuni la chuma. Vijana walijitupa vitandani na viatu vyao. Dobi naye alikuwa amechoka. Alikaa kwenye benchi akingoja aone nani atasimama.

"Mama Mlezi," mwalimu alisema, macho ameyafumba, "tunakula nini?"

Na kilichomuudhi zaidi hakikuwa swali. Kilichomuudhi ni kwamba kabla hajafikiri jibu alishajikuta amesimama na sufuria mkononi. Mikono ilikuwa imekwenda yenyewe. Alipika wali na maharage huku amefura, akavunja kuni kwa goti, akakoroga kwa nguvu mpaka karani akainuka na kuja kusimama karibu yake.

"Nikusaidie?"

"Umechelewa," dobi akasema, kisha akaona uso wa yule binti. "Haya, osha vikombe."

Walimsifu sana kwa wali ule. Sifa zile alizijua. Ndizo zile zile alizosikia kwa simu miaka yote: dada, wewe bwana, bila wewe tungekuwa wapi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na mawe yalikuwa yameloa. Waliacha mizigo mikubwa kibandani, wakapanda na maji na mikate tu. Hawakuwa wamefika mbali, kibanda bado kinaonekana chini yao, kinyozi alipojaribu kuruka kutoka jiwe moja kwenda jingine huku akiimba. Mguu ukateleza, ukapinda, akaanguka kwa makalio. Mwanzoni alicheka. Kisha akajaribu kusimama, na kicheko kikakatika.

Dobi ndiye aliyemvua kiatu. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Alikibonyeza taratibu huku na huku, akamwambia ajaribu kukikanyagia. Kinyozi aliweza kukanyaga, lakini aliuma meno.

"Hakijavunjika," dobi akasema. "Kimeteguka. Kushuka atashuka taratibu, akishikwa. Kupanda, hapana."

Mwalimu alitazama juu, akatazama saa, akapiga makofi.

"Sawa. Basi tufanye hivi. Mama Mlezi atabaki naye kibandani, amkande na maji baridi. Mimi na karani tunapanda chapchap, tunapiga picha, tunarudi tunashuka wote. Haya, twende."

Akageuka. Alikuwa ameshapanda hatua kadhaa. Hakuuliza, hakungoja, hakuona kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Dobi alikuwa bado amepiga magoti kwenye jiwe lililoloa, kiatu cha kinyozi mkononi. Hasira ilimpanda, moto kama ule wa mvuke unapofumka mashine ikifunguliwa kabla ya wakati. Alisimama.

"Nani amesema nibaki mimi?"

Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Mwalimu aligeuka.

"Unasemaje?"

"Nimeuliza. Nani amesema nibaki mimi?"

"Dada, si jambo la kusema. Ni... wewe ni mtu mzima, una huruma, unajua mambo ya wagonjwa."

"Umejuaje ninajua mambo ya wagonjwa? Umeniuliza? Mmekaa mkazungumza?"

"Tusiwe hivyo," mwalimu akasema, na akatabasamu lile tabasamu la kumtuliza mtoto anayeogopa maji. "Hapa tunasaidiana. Mimi nimekuja kwa ajili ya kilele."

"Na mimi nimekuja kuchunga sufuria?"

"Sikusema hivyo."

"Huyu ni rafiki yako! Mmekua wote, mmeniambia wenyewe jana, mmelala kitanda kimoja mkiwa watoto. Mimi nimemjua juzi mbele ya mayai. Yeye akiumia, wewe unatazama saa, halafu mimi ndiye mwenye huruma? Huruma yako umeiacha wapi, kwenye bwawa?"

Kinyozi, pale chini, alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka ugomvi. "Jamani, jamani. Msinigombanie, mimi si urithi. Nendeni wote. Nitajikokota mwenyewe mpaka kibandani, nitalala, mtanikuta."

"Unaona?" mwalimu akasema haraka. "Mwenyewe amesema." Na kweli akageuka na kuanza kupanda.

Karani alikuwa amesimama kati yao, amejikunyata ndani ya koti. "Mimi naweza kubaki," akasema taratibu. "Sina shida. Kwangu mimi ni sawa tu."

Dobi alimgeukia kwa ukali uliomshtua hata yeye mwenyewe. "Wewe nyamaza! Nani amekuomba? Watu wawili wakigombana kidogo tu, wewe unajitoa? Ukianza hivyo leo, binti, utabaki mpaka uote mvi!"

Machozi yakamlengalenga msichana. Dobi aliyaona na hayakumzuia. Alimwinamia kinyozi.

"Na wewe. Kwa nini unamrahisishia? Mguu unakuuma, mvua hii inakuja, kushuka peke yako kwenye mawe haya huwezi na unajua huwezi. Unacheka nini?"

Kinyozi alitazama kifundo chake, akamtazama rafiki yake aliyekuwa anapotelea kwenye ukungu, mgongo tu na kofia. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma kitu cha kumhusu. Alipoita, hakuita kwa mzaha.

"Rudi!"

Mwalimu alisimama.

"Rudi hapa, bwana. Naumwa. Siwezi kushuka peke yangu."

"Si umesema..."

"Nimesema nini, sijui nimesema nini. Mimi husema hivyo kila siku. Rudi."

Kisha mwalimu akashuka. Alishuka kwa kupiga miguu, uso umemvimba, hakumtazama mtu. Dobi alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga kile kifundo, akakizungusha chini ya unyayo na kukirudisha juu, kikakaza vizuri. Alimvisha kiatu bila kukifunga kamba. Mkono haukuwa na hasira na mguu ule. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali.

"Akifika, mguu uwe juu ya begi. Maji ya kijito ni baridi, mkande nayo. Hakuna siri nyingine."

"Nimekuelewa," mwalimu akasema kwa meno. Kisha, akiwa ameshamwingizia mwenzake bega kwapani, akaongeza: "Sikujua wewe ni mtu wa namna hii."

"Hata mimi sikujua," dobi akamjibu. "Na nimechelewa sana kujua."

Alipanda kwa hasira. Uchovu wa jana hakuusikia leo. Alikanyaga kila jiwe kama ana deni nalo la ugomvi. Karani alimfuata, mara akipotea kwenye ukungu, mara akitokea, akihema. Msitu ukaisha, yakabaki majani mafupi na upepo.

"Nilikuwa nabaki kweli," karani akasema hatimaye nyuma yake.

"Najua. Ndiyo maana nilikufokea."

"Kazini pia ndivyo. Kila zamu mbaya ni yangu. Wananiambia wewe huna mume, huna mtoto, huna haraka."

Dobi alisimama na kumngoja. Wakapanda sambamba kuanzia hapo, mmoja akimvuta mwenzake pale ambapo jiwe lilikuwa refu. Lakini asifikiri mtu kwamba hasira ilipungua. Ilimjia sasa kwa jina na sura. Alimkasirikia mdogo wake wa kiume na kikohozi chake. Alimkasirikia mdogo wake wa kike na kile kicheko. Akamkasirikia mama yake kwa kufa mapema, na hilo lilimtisha, lakini halikumzuia kulifikiri. Na alipokuwa amebakiza mwinuko wa mwisho alifika kwenye hasira aliyokuwa anaizunguka tangu mazishi, akaikuta imekaa pale inamngoja.

Ilikuwa ni baba. Siku zake za mwisho, mzee alikuwa anafumbua macho na kuangaza huku na huku chumbani. Dobi amemwinulia kichwa, kikombe cha maji kiko mdomoni mwake, mkono wake wenye alama za rola uko chini ya shingo yake. Na baba anauliza, kwa sauti ile ndogo, "Watoto wangu wako wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Watoto wangu, nasema. Mbona hawaji?"

Aliuliza hivyo mpaka alipoacha kuuliza. Watu walimwambia dobi ni ugonjwa, mzee alikuwa hajui anachosema. Labda. Lakini hajamwambia mtu yeyote kwamba siku ya mazishi, wadogo zake walipokuwa wanalia mpaka wanashikwa, yeye alikuwa mkavu, na watu wakasema amejikaza, na ukweli ni kwamba hakuwa amejikaza hata kidogo. Alikuwa amekasirika.

Kileleni hapakuwa na kitu cha kuona. Palikuwa na rundo la mawe, nguzo ya chuma iliyobanduka rangi, na mawingu pande zote, meupe, mazito, hata mabonde yaliyosifiwa kule chini huwezi kujua yako upande gani. Upepo ulikuwa unavuma mpaka masikio yanauma. Karani alitoa simu apige picha, akaona ni weupe mtupu, akairudisha mfukoni.

Dobi alienda mpaka ukingoni mwa lile rundo la mawe. Alifungua mdomo, na alichokipigia kelele hakikuwa kizuri wala cha kupendeza kusikiliza.

"Nilikuwepo mimi! Mimi ndiye niliyekuwepo! Ulikuwa unamtafuta nani?"

Upepo ulichukua maneno hayo, lakini alirudia, akarudia, mpaka sauti ikakwaruza. Kisha akakaa juu ya jiwe akalia kama ambavyo hakulia mazishini, kamasi na yote. Karani hakumuuliza ni nani huyo. Alikaa upande upepo unakotoka, akamkinga, akamega mkate, akangoja. Walipomaliza kula walishuka.

Kibandani walimkuta kinyozi amelala, mguu juu ya begi kama alivyoelekezwa. Mwalimu alikuwa amewasha jiko, na chumba kilijaa moshi maana alikuwa ameweka kuni mbichi. Alikuwa amepika chai ambayo haikuwa na rangi ya chai. Alimimina vikombe vinne, akaviweka mezani, akabaki amesimama.

"Mmeridhika?" akauliza.

"Sijaridhika," dobi akasema. "Lakini nimefika."

Mwalimu alitaka kuongeza jambo. Akaangalia pembeni, akasema tu kwamba mguu umepungua kuvimba, amebadilisha kitambaa kila kilipopata joto. Hakuomba radhi, wala dobi hakumtafutia njia ya kuomba. Alikunywa ile chai mbaya yote, akaosha kikombe chake. Kimoja tu. Kisha akafungua begi la kijani, akatoa sufuria, visu, sabuni na mchele uliobaki, akavipanga juu ya meza.

"Hivi ni vya wote," akasema. "Gawaneni."

Waligawana. Sufuria ilienda kwa mwalimu, pamoja na begi la kinyozi na kinyozi mwenyewe begani. Kushuka kulikuwa kwa polepole. Mara mbili kinyozi alianza mzaha na kuukatiza. Walipoziona paa za mji alimwita dobi, akamwambia, "Dada, samahani kwa lile jina."

"Nimekusikia," dobi akamjibu.

Aliporudi nyumbani lori la mdogo wake lilikuwa mlangoni. Godoro lake lilikuwa limeshatolewa nje, limeegemezwa ukutani, na kabati lake liko katikati ya sebule limefungwa kamba. Mdogo wake alikuwa ameingia kwa funguo za baba.

"Dada! Tulikuwa tunakutafuta, simu hupatikani. Tumeona tukuanzie kazi, ukifika uingie tu."

Dobi hakuvua begi mgongoni. Alienda moja kwa moja nje, akalikumbatia godoro lake, akalipitisha mlangoni, akamsukuma nalo mdogo wake mpaka akarudi nyuma, akaliangusha sebuleni. Vumbi likatimka.

"Sihami."

"Dada, tulikubaliana."

"Mlikubaliana. Mimi nilikuwa nimekaa pale, kwenye lile kochi. Hukuniona?"

"Na mapacha je?"

"Mapacha wana baba. Wana mama. Mimi ni shangazi yao, nitawapenda kama shangazi. Nimelea watoto watatu badala ya kumaliza shule, na mmoja wao ni wewe. Nimemzika baba na alama zake ziko mgongoni mwangu, kwa kumwinua. Leo unanifungia kabati kwa kamba!"

"Umebadilika," mdogo wake akasema, na sauti yake ilitetemeka, maana hakuna mtu aliyewahi kumfokea ndani ya nyumba ile. "Hiyo safari imekuharibu."

"Fungua hiyo kamba, kisha uniachie funguo za baba."

Akaifungua, vidole vyake vikikosea fundo kila mara. Dobi alisimama akimtazama, na moyo ulimuuma, kwa sababu vidole vile aliwahi kuvifundisha kufunga viatu. Hata hivyo hakumsaidia.

Mdogo wake aliondoka bila kuaga. Mdogo wa kike alipiga simu jioni, akaongea maneno mengi kuhusu familia na umoja, na dobi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana, akakata. Kitinda mimba hakupiga kabisa. Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Alirudi kwenye mvuke na rola, akawa anarudi jioni kwenye nyumba iliyo kimya, na zipo jioni ambazo ukimya ule ulimlemea na akajiuliza kama hakukosea. Wakati mwingine alikuwa anaongea na karani kwa simu. Yule binti alikuwa amekataa zamu moja, kisha ya pili, na msimamizi wake amemnunia.

Aliyevunja ukimya wa familia ni wifi yake, mke wa yule dereva. Alipiga simu dobi akiwa kazini, mwenzake anapokea shuka upande wa pili.

"Wifi, sikupigii kukulaumu. Nimerudi kazini, sasa mdogo wako yuko na watoto siku ambazo hana safari. Jana amemwogesha pacha mmoja mara mbili, na mwingine hajaoga kabisa. Na amebisha! Ananiambia wote wananukia sabuni."

Dobi alicheka mpaka shuka likaingia kwenye rola upande, mwenzake akapiga kelele, mashine ikabidi izimwe.

"Bado ana hasira na wewe," wifi akasema.

"Mwambie na mimi bado ninazo," dobi akajibu, akifuta machozi ya kicheko kwa nyuma ya kiganja. "Akitaka kuja kugombana, aje. Nyumba anaijua."